Kutoka Toronto hadi Bashay: Safari Ndefu ya Insulini

Hadi Januari 1922, mtoto aliyepatwa na kisukari kile kinachokuja ghafla alikuwa anakufa, awe amezaliwa Toronto, London au Bashay ya Mbulu, mkoani Manyara, Tanzania. Mbele ya ugonjwa huo, mtoto wa daktari na mtoto wa mchunga ng'ombe walikuwa sawa. Alikunywa maji asikate kiu, akakojoa usiku kucha, akakonda huku anakula. Mwishowe pumzi ikawa nzito na ya haraka, ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, akazama katika usingizi asioamka tena. Yote hayo yalichukua wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Usawa huo mbaya ulivunjika katika hospitali moja ya Canada, na tangu siku hiyo historia ya kisukari imekuwa historia ya nani amefikiwa na dawa na nani bado anaisubiri.

Kiungo chenye siri yenyewe ni kongosho, kinachojificha nyuma ya tumbo la chakula. Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, Paul Langerhans, aliona kwa hadubini vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika ndani yake, visivyofanana na seli nyingine. Hakujua vina kazi gani. Miaka 20 baadaye, mjini Strasbourg, Josef von Mering na Oskar Minkowski walimtoa mbwa kongosho lote kwa sababu nyingine kabisa za utafiti, na mbwa yule akaanza kukojoa kila mahali. Minkowski akaupima mkojo, akakuta umejaa sukari. Basi ikajulikana kwamba kongosho lina kitu kinachoizuia sukari isifurike mwilini. Kukipata kitu hicho ndiko kulikoshindikana kwa zaidi ya miaka 30. Waliojaribu kukikamua walipata uchafu uliowadhuru wanyama, wakakata tamaa mmoja baada ya mwingine.

Wakati huo tiba pekee yenye nafuu ilikuwa njaa. Daktari Frederick Allen wa Marekani aliwalisha wagonjwa wake chakula kidogo mno, mboga za kuchemshwa na mayai machache, ili sukari isipande. Watoto waliishi miezi ya ziada, wengine miaka, wakiwa ngozi na mifupa. Wazazi walichagua kati ya kumwona mtoto akifa kwa ugonjwa na kumwona akifa kwa njaa taratibu.

Kiangazi cha mwaka 1921 Frederick Banting, daktari wa upasuaji asiye na jina lolote katika utafiti, aliomba chumba katika maabara ya Profesa J. J. R. Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto. Alipewa mbwa kadhaa na mwanafunzi mmoja, Charles Best. Walifanya kazi kwenye joto na harufu mbaya, na mbwa wengi wakafa, lakini maji waliyoyakamua kwenye makongosho yalishusha sukari ya mbwa waliobaki. Baadaye wakaanza kuchukua makongosho ya ng'ombe machinjioni, maana mbwa wasingetosha. Tarehe 11 Januari 1922 walimchoma sindano kijana Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda hata kilo 30 hazitimii. Sindano ile ya kwanza ilishindwa: sukari ilishuka kidogo tu, na mahali alipochomwa pakavimba usaha. James Collip, mkemia aliyeongezwa kwenye kundi, aliisafisha dawa usiku na mchana kwa siku 12. Tarehe 23 Januari Thompson alichomwa tena, na safari hii sukari ikashuka hadi karibu na ya mtu mzima wa afya. Aliishi miaka 13 zaidi, akafa mwaka 1935 kwa nimonia.

Banting, Best na Collip walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza ya dawa hiyo kwa dola 1 kila mmoja, ili asije mtu akaifanya mali yake. Nobel ilitolewa mwaka 1923 kwa Banting na Macleod, ambao walikuwa wakigombania sifa, kisha kila mmoja akagawana fedha zake na mwenzake wa kundi: Banting na Best, Macleod na Collip. Mwaka huohuo kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ilikuwa inaiuza, na huko Denmark mwanasayansi August Krogh, ambaye mkewe Marie alikuwa na kisukari, ameanzisha kiwanda. Kwa miaka 60 iliyofuata insulini ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe. Zaidi ya tani 2 za viungo vya nguruwe zilitoa insulini ya kama gramu 230 tu. Ile inayotumika leo, inayotengenezwa na bakteria au hamira waliopandikizwa jeni ya binadamu, iliruhusiwa Marekani mwaka 1982. Soko la dunia liko mikononi mwa kampuni tatu, Novo Nordisk, Eli Lilly na Sanofi. Ile dola moja ya Toronto haikuzuia kitu.

Insulini hufanya nini hasa? Chakula cha wanga, uwe ugali, wali au viazi, hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Seli za misuli na mafuta zinaihitaji sukari hiyo, lakini haiingii ndani bila hodi, na mbisha hodi ni insulini. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inazigeukia seli za Langerhans zinazotengeneza insulini na kuziangamiza. Mbisha hodi hayupo tena. Damu imejaa sukari na seli zina njaa, kwa hiyo mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake, na mabaki ya mafuta hayo ni asidi zinazoichafua damu. Ndiyo ile pumzi inayonuka matunda. Mgonjwa wa aina hii hana mbadala: vidonge havimsaidii, kufunga kula hakumponyi, dawa yake ni insulini kila siku ya maisha yake.

Katika aina ya pili mbisha hodi yupo, pengine hata anabisha kwa nguvu kuliko kawaida, ila walio ndani hawasikii vizuri. Kongosho huongeza juhudi kwa miaka mingi mpaka lichoke. Mgonjwa huyu anaweza kuishi na sukari ya juu miaka kadhaa bila kujua, akaja kugundulika siku anapokuja na kidonda cha mguu kisichopona, macho yenye ukungu au figo zilizochoka. Huanza na mpangilio wa chakula, mwendo na vidonge, na wengi wao baadaye huhitaji insulini pia. Aliyetenganisha makundi haya mawili kwa kipimo alikuwa Harold Himsworth wa London, mwaka 1936: aliwapa wagonjwa sukari pamoja na insulini, akakuta wengine sukari yao inashuka vizuri na wengine haitikisiki. Majina ya aina ya kwanza na aina ya pili yalizoeleka baadaye sana. Kipo pia kisukari cha mimba, ambacho mara nyingi huondoka mtoto akishazaliwa, lakini humwachia mama hatari ya kupata aina ya pili siku za mbele.

Thompson alipochomwa sindano yake, Tanganyika ilikuwa imetoka tu mikononi mwa Wajerumani kwenda kwa Waingereza, na Mbulu ilikuwa nchi ya Wairaqw kwenye miinuko, Wadatoga na ng'ombe wao kwenye nyanda, na Wahadzabe upande wa bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi. Kusini, kuelekea panapoitwa Haydom leo, vichaka vya mbung'o viliwafukuza watu na mifugo. Hakuna aliyehesabu kisukari huko. Tunayo kauli ya jirani tu: Albert Cook, mmisionari na daktari wa hospitali ya Mengo, Kampala, aliandika mwaka 1901 kwamba Uganda kisukari si cha kawaida sana, ila huua sana. Madaktari wa kikoloni waliomfuata waliirudia nusu ya kwanza ya kauli hiyo mpaka ikawa kama sheria: Mwafrika hapati kisukari. Nusu ya pili hawakuishughulikia, na mimi naona ndiyo iliyokuwa na jibu. Ugonjwa unaoua upesi hauonekani mwingi kwa daktari anayehesabu waliofika hospitali wakiwa hai. Aliyefia njiani, au aliyefia kwenye ngozi nyumbani huku wazee wakitafuta aliyemroga, hakuingia kwenye daftari lolote.

Hospitali kubwa ilifika eneo hilo mwaka 1955, Misheni ya Kilutheri ya Norway ilipoifungua ya Haydom. Leo ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Mbulu, ina vitanda zaidi ya 400, na wagonjwa huifuata kutoka Mbulu, Hanang, Singida na hata ng'ambo ya Eyasi. Katika hospitali za zama zile kisukari kilipimwa kwa mkojo. Mhudumu alimimina dawa ya Benedict, yenye rangi ya buluu, kwenye bomba la kioo, akadondosha matone machache ya mkojo, akachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Njano ni mbaya, na ikitulia nyekundu kama tofali, mgonjwa yuko hatarini. Kipimo kile kilisema sukari imevuka kiwango lakini hakikusema imevuka kwa kiasi gani wakati huo, maana mkojo hueleza yaliyopita saa kadhaa nyuma. Kupanga kiasi cha insulini kwa njia hiyo kulitaka mkono mzoefu na, kusema kweli, bahati.

Wanahistoria wa Hanang huikumbuka Canada kwa jambo lingine. Kuanzia miaka ya 1970, kwa fedha na wataalamu wa nchi hiyo, shirika la umma la NAFCO lililima ngano kwenye nyanda za Basotu, ekari zipatazo 100,000, kwenye malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, na juu ya makaburi ya wazee wao. Mkate wa ngano ile uliliwa mijini. Nchi iliyoipa dunia insulini ilileta Hanang matrekta, na insulini ikaja kwa mlango mwingine, polepole, vichupa vichache vichache.

Kisukari cha Tanzania kilianza kuhesabiwa kwa uangalifu Juni 1981, pale Muhimbili. Profesa Donald McLarty, Mskoti aliyefundisha tiba hapo, pamoja na Andrew Swai na Janet Lutale, walianza kumwandikisha kila mgonjwa mpya wa Dar es Salaam na kumfuatilia. Kufikia Juni 1987 walikuwa na wagonjwa 1,250. Kati yao 272 walihitaji insulini, 825 hawakuihitaji, na waliobaki, zaidi ya mmoja katika kila kumi, hawakuingia vizuri katika kundi lolote. Kundi hili la tatu tutalirudia, kwa kuwa vitabu vya Ulaya havikuwa na nafasi yake. Mwaka 1985 wakati kazi hiyo ikiendelea, Chama cha Kisukari Tanzania kilianzishwa.

Baadaye watafiti haohao walikwenda vijijini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989, kutoka vijiji 6 na watu zaidi ya 6,000, yalionyesha kwamba chini ya mtu 1 katika 100 alikuwa na kisukari. Ilionekana ni habari njema. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Njia za kupima na umri wa waliopimwa havifanani, kwa hiyo si haki kugawa namba moja kwa nyingine na kupiga yowe. Hata hivyo hakuna daktari wa wilaya anayehitaji takwimu kumwambia kwamba kliniki yake ya sukari na presha imejaa.

Kuhusu watoto, hesabu ilikuwa na fumbo. Katika miaka 10 ya kuwafuatilia Dar es Salaam, kundi la McLarty lilipata mgonjwa mpya chini ya mmoja kwa mwaka katika kila watoto na vijana 100,000. Finland wakati huo ilikuwa inapata zaidi ya 30. Huenda watoto wetu kweli hawaugui sana aina ya kwanza. Huenda pia wengi wao walikufa kabla ya kutambuliwa. Dalili za mwisho za mtoto mwenye sukari iliyofurika ni kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka na kupoteza fahamu. Katika nchi yenye malaria, mtoto wa namna hiyo hupewa dawa ya malaria, na akipumua haraka anaitwa mwenye nimonia. Wakimwekea dripu ya sukari ili kumtia nguvu, ndiyo wanamwongezea moto. Mganga wa zahanati si mjinga. Malaria anaiona kila siku, na mtoto wa kisukari anaweza asimwone katika miaka yake yote ya kazi.

Swali la bei liliulizwa wazi mwaka 1992, katika makala ya kundi hilohilo yenye kichwa kinachouliza iwapo ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kufisha Afrika. Walikuta mgonjwa anayehitaji insulini anagharimu kama dola 287 za Marekani kwa mwaka, na asiyeihitaji dola 103. Zaidi ya nusu ya ile 287 ilikuwa bei ya insulini yenyewe. Kwa mkulima wa mahindi na maharage, hizo ni fedha za ng'ombe kwenda mnadani kila mwaka, bila kukosa, na mwaka wa ukame ng'ombe hana bei.

Ndipo mtu anapoelewa umati wa Samunge. Mapema mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa anagawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga katika kijiji hicho cha Loliondo, kwa shilingi 500. Alisema kinaponya kisukari, UKIMWI, saratani, pumu na shinikizo la damu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, watu wakatoka pembe zote za nchi, Kenya na mbali zaidi, Manyara ikiwa jirani tu. Wengine walifia njiani na kwenye foleni. Waliokuwa na kisukari cha aina ya pili wakaacha vidonge kwa siku kadhaa pengine hawakuona mabadiliko ya haraka, na walirudi wakitoa ushuhuda. Mtu wa aina ya kwanza akiacha insulini hana siku za kutolea ushuhuda. Tofauti ya aina hizi mbili, ambayo kwenye darasa la uuguzi ni mstari kwenye ubao, barabarani Loliondo ilikuwa suala la uhai.

Mbulu nayo ina dawa yake ya kusifiwa, nayo ni vitunguu swaumu, zao linalowapa fedha wakulima wengi wa huko. Utasikia kwamba punje kadhaa asubuhi hushusha sukari. Sina ugomvi na vitunguu swaumu, wala na mitishamba kwa ujumla: metformini, kidonge anachopewa kwanza karibu kila mgonjwa wa aina ya pili, asili yake ni uchunguzi wa mmea wa galega uliotumiwa Ulaya kwa karne nyingi, na ni daktari Mfaransa Jean Sterne aliyeiingiza kwenye tiba mwaka 1957. Lakini hapo katikati ilisafishwa, ikapimwa, ikajulikana kipimo chake na madhara yake. Na hata metformini, pamoja na yote hayo, haimwokoi mtoto ambaye kongosho lake halitoi insulini.

Basi tuseme mtoto ametambuliwa, akapona, akarudishwa nyumbani na kichupa. Kichupa cha kawaida cha insulini kina mililita 10, na kila mililita ina uniti 100, jumla uniti 1,000. Ile ya mchanganyiko, ambayo wengi huijua kwa namba 30/70, ina ukungu mweupe unaotulia chini. Haitikiswi kama dawa ya kikohozi: hubingirishwa polepole kati ya viganja mpaka rangi iwe moja. Kizibo cha mpira hufutwa, hewa huvutwa kwenye bomba la sindano kwa kiasi kilekile cha dawa inayotakiwa, ikaingizwa kichupani, kisha kichupa kinapinduliwa na dawa inavutwa. Kipovu kikubwa kikionekana hugongwa kwa kidole kipande juu. Sindano ni fupi, inaingia kwenye mafuta ya tumbo au paja, si kwenye misuli, na mahali pa kuchoma panabadilishwa kila siku, la sivyo ngozi huvimba na dawa hainywewi sawasawa. Mtoto wa miaka 9 anaweza kujifunza yote hayo kwa wiki moja. Mama yake huwa anachelewa kidogo, kwa sababu mkono unamtetemeka.

Kisha linakuja suala la friji. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kikishafunguliwa huruhusiwa kukaa nje kwa takriban wiki nne, mahali pasipo na joto kali. Miinuko ya Mbulu ina baridi ya kutosha hata kumsaidia mgonjwa, ila ukishuka Yaeda au nyanda za Hanang mambo hubadilika, na kaya nyingi hazina friji. Kwa miaka mingi sharti hilo liliwalazimisha wagonjwa wa vijijini kwenda kituo cha afya kuchomwa sindano, mara mbili kwa siku, kana kwamba hawana shamba wala shule. Mwaka 2021 madaktari wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha kazi waliyoifanya baada ya kupima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako nyumba hupanda kutoka nyuzi 25 usiku hadi 37 mchana. Insulini iliyopitishwa kwenye joto la namna hiyo kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine, na mchanga wenye maji katikati, nacho kimepimwa kikaonekana kinapunguza joto vizuri penye hewa kavu. Kinachoiua insulini haraka kuliko joto la Dadaab ni barafu. Ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri, kwa hiyo kuiweka kwenye jokofu la soda la dukani, karibu na kigandishi, ni kujitafutia hasara.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba insulini inadai chakula. Ukichoma usipokula, sukari hushuka mpaka jasho la baridi likutoke, mikono itetemeke, useme ovyo kama mlevi, kisha uzimie. Katika miezi kabla ya mavuno, ghala likiwa limepungua na mlo ukiwa mmoja, mgonjwa hujipunguzia dozi kwa hofu hiyo, na sukari hupanda tena. Mwalimu wa shule naye asipojua dalili, mtoto aliyeshuka sukari darasani huonekana mtukutu au mwenye kifafa. Vijiko viwili vya sukari kwenye maji, au soda yoyote isiyo ya wagonjwa wa sukari, humrudisha baada ya dakika chache.

Sasa turudi kwa lile kundi la tatu la Muhimbili. Kwa miongo kadhaa madaktari wa Afrika wamekuwa wakiona vijana wembamba wenye sukari ya kutisha, wanaohitaji insulini, lakini ambao wakiikosa kwa muda hawafi upesi kama vitabu vinavyodai. Mwaka 1955 daktari Philip Hugh-Jones alikuwa ameeleza wagonjwa wa namna hiyo huko Jamaica. Shirika la Afya Duniani liliutambua mwaka 1985 ugonjwa wa kisukari unaohusiana na utapiamlo, kisha mwaka 1999 likauondoa kwa kukosa ushahidi. Mwaka 2025 watafiti walichapisha matokeo ya vijana 894 wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, wote wakiwa wameandikwa kwamba wana aina ya kwanza. Karibu theluthi mbili hawakuwa na alama za kinga ya mwili kulishambulia kongosho. Aprili mwaka huohuo, katika mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua rasmi aina ya tano, ile ya utapiamlo. Wanasayansi bado wanabishana nayo.

Ubishi huo unaihusu Mbulu moja kwa moja. Haydom ilikuwa mojawapo ya vituo 8 duniani vya utafiti wa MAL-ED, uliowafuata watoto tangu kuzaliwa, na wengi wa watoto wa Haydom walikutwa wamedumaa kabla ya kutimiza miaka 2. Huko Mwanza, George PrayGod na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wamekuta kwamba kwa watu wazima wengi wenye kisukari tatizo kubwa ni kongosho kutoa insulini kidogo, kuliko mwili kuwa mkaidi kwayo. Ukiunganisha hayo mawili unapata wasiwasi wa haki: mtoto aliyekosa lishe tumboni na utotoni anaweza kukua na kongosho dogo lisilo na akiba, akaja kuumwa sukari akiwa mwembamba kama mwanzi, wakati kijiji kizima kinaamini kwamba sukari ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi.

Wahadzabe wa Yaeda wamesomwa sana na wageni. Wanakula asali kwa wingi, na bado unene na kisukari kwao ni nadra. Wengine wamefanya haraka kusema siri ni mazoezi, lakini vipimo vya Herman Pontzer na wenzake, vilivyotolewa mwaka 2012, vilionyesha kwamba jumla ya nishati wanayotumia kwa siku haipishani sana na ya Mmarekani wa ofisini mwenye mwili kama wao. Huenda siri iko kwenye chakula chote kwa pamoja na namna wanavyoishi, wala haihamishwi kwa kununua asali sokoni.

Mambo yamesogea. Upo mpango wa Novo Nordisk na washirika wake, ulioanza mwaka 2009 na kuifikia Tanzania, na upo mwingine uitwao Life for a Child, yote miwili ikiwapa watoto na vijana insulini na vipimo bila malipo katika kliniki zilizoteuliwa. Miaka ya karibuni hospitali za Kondoa na Karatu, zote majirani wa Manyara, zimeanzishiwa kliniki za magonjwa sugu makali, kisukari cha aina ya kwanza kikiwemo, ili mgonjwa asilazimike kwenda hospitali ya rufaa kwa kila kichupa. Kwa mtu mzima anayenunua mwenyewe, bei na nauli bado ni mzigo.

Lakini hakuna mpango unaomsaidia mtoto ambaye hakupimwa. Kipimo ni tone moja la damu kwenye kijiti, na jibu hutoka kwa sekunde chache. Kwa hiyo wewe mzazi, mwalimu, mhudumu wa afya wa kijiji, wa Bashay au wa kokote: ukiona mtoto anakunywa maji kupita kiasi, aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani ameanza tena, na nguo zinampwaya, mpeleke siku hiyohiyo, usingoje siku ya gulio. Na ukiandikiwa dawa ya malaria, ipokee, ila usiondoke pale kabla hajapimwa sukari.